Deni la Mpishi Aliyesafiri

Katika vitu vyote ambavyo msafiri huweza kurudi navyo nyumbani, hapana kilicho chepesi kubeba kama ujuzi wa kupika. Nguo hulipiwa ushuru, vyombo huvunjika njiani, na picha hufifia. Lakini ujuzi wa kulaza samaki katika ndimu au wa kupika wali kama upikwavyo Shiraz haupimwi kwa mzani wowote bandarini. Afisa wa forodha hauoni. Aliyeufundisha hapungukiwi na kitu, na aliyefundishwa haongezewi uzito. Kwa sababu hiyo ni watu wachache wanaojiuliza kama upo wajibu wowote ufuatanao na mzigo huo usioonekana.

Swali la insha hii ni hili. Mtu ajifunzaye chakula ugenini, akarudi akakipika jikoni mwake, akakibadili apendavyo, akawalisha watoto na wageni wake, je, anawiwa chochote na watu waliokitunga? Au chakula ni kama hewa, ambayo kila aivutaye huivuta bure? Yamkini msomaji ataona kwamba swali hili ni dogo mbele ya maswali makubwa ya haki na dhuluma. Lakini tabia ya mtu haijulikani katika mambo makubwa tu, ambayo huja mara chache katika maisha yake. Hujulikana zaidi katika mambo yarudiayo kila siku, na hapana jambo lirudialo kila siku kama kula.

Tuanze na msafiri mmoja wa kale aliyefika pwani yetu. Ibn Battuta, mtu wa Tangier, aliingia Mogadishu mwaka 1331, kisha akapita Mombasa na kufika Kilwa. Katika kitabu cha safari zake, ambacho Ibn Juzayy alimwandikia na kukikamilisha mwaka 1355, alieleza kwa uangalifu chakula alichopewa Mogadishu. Ulikuwa wali uliopikwa kwa samli na kupakuliwa katika chombo kikubwa cha mti, pamoja nao kitoweo cha kuku, nyama, samaki na mboga, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, maziwa ya mgando, malimau na pilipili za achari, tangawizi mbichi, na maembe, ambayo aliyafananisha na matofaa yenye kokwa. Alitaja hata neno ambalo wenyeji walikiitia kitoweo chao. Zaidi ya miaka 20 ilikuwa imepita tangu siku ya karamu ile, na katika miaka hiyo alikuwa amekula katika nyumba za wafalme wa India na mahali pengine pengi. Walakini sinia ya Mogadishu haikuchanganyika na sinia nyingine katika kumbukumbu yake. Alisema chakula kilikuwa cha nani, kilikuwa na nini, na kililiwaje. Tuuweke ushahidi huo akilini, maana tutauhitaji.

Sasa wako wasemao kwamba mpishi aliyesafiri hawiwi na mtu yeyote. Hoja yao ni nzito, na yastahili kusikilizwa mpaka mwisho. Husema: funua chungu chochote duniani, utakuta kimejaa wageni. Mahindi na muhogo, ambavyo ni riziki ya kila siku ya mamilioni ya watu wa Afrika ya Mashariki, asili yake ni Amerika. Neno pilau limetoka Uajemi, na neno chapati limetoka India. Wareno walikwenda Goa na nyama yao iliyolowekwa katika mvinyo na kitunguu saumu. Wapishi wa Goa wakatia siki ya mnazi na viungo vikali, jina la Kireno likageuka likawa vindaloo, na chakula hicho kikasafiri tena hadi Uingereza, ambako kiliwapata walaji ambao hawakuhitaji kujua habari za Goa wala za Ureno. Senegal ina wali wake wa samaki uitwao ceebu jën, ambao mwaka 2021 uliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni. Lakini mchele wa chenga uliouzoeza wali huo uliletwa kutoka Indochina wakati wa utawala wa Wafaransa, na nyanya zake asili yake ni Amerika. Ikiwa hata chakula ambacho taifa zima hujivunia kimetengenezwa kwa vitu vya watu wengine, nani ataweza kumdai mwenzake?

Hoja hiyo ni ya kweli katika habari zake, lakini si ya kweli katika hitimisho lake. Kwamba kila mtu amekopa si dalili kwamba hapana mtu anayewiwa. Kijiji ambacho kila mtu amemkopa jirani yake si kijiji kisicho na madeni. Ni kijiji ambacho watu wake wanahitaji adabu kuliko wengine. Sisi tufundishao Kiswahili tunalijua jambo hili vizuri. Lugha yetu imepokea maneno ya Kiarabu, Kiajemi, Kihindi, Kireno na Kiingereza, ikayavika viambishi vyake ikayafanya yake. Hatuoni haya kwa hilo, wala hatuna sababu ya kuona haya. Lakini mwanafunzi ajuaye neno limetoka wapi si sawa na yule adhaniye kwamba lilizaliwa kinywani mwake. Wa kwanza ana lugha na historia yake. Wa pili ana lugha tu.

Upande wa pili wamesimama walinzi wa asili. Hao husema kwamba mwacha asili ni mtumwa, na kwamba mwenye kugusa asili ya mwenziwe ni mharibifu. Kwa maoni yao, chakula cha watu kipikwe kama wenyewe wakipikavyo, au kiachwe. Nia yao ni njema, kwa kuwa wanataka kuwalinda wenyeji wasinyang'anywe. Lakini amri yao haitekelezeki, na lau ingalitekelezwa ingalituacha na njaa. Chapati ya India aghalabu huokwa juu ya chuma kikavu. Ya kwetu hupakwa mafuta, ikasokotwa, ikasukumwa tena na kukaangwa, hata ikakaribia kuwa paratha. Biriani ya Hyderabad hupangwa chunguni tabaka kwa tabaka, nyama na wali, ikafunikwa ipikike kwa mvuke wake yenyewe. Biriani ya Unguja na Mombasa mchuzi wake hupikwa mbali na wali, vikakutana wakati wa kupakua. Je, tuseme bibi zetu walikosea kwa vizazi vyote hivyo? Hawakukosea. Walifanya kwa mikono yao kile ambacho wasemaji walifanya kwa ndimi zao: walipokea neno la mgeni wakalitamka kwa sauti ya nyumbani.

Tena, mlinzi wa asili hukwama mara tu anapoulizwa mwenye asili ni nani. Kuskusi huliwa katika Afrika ya Kaskazini nzima, na wapo waliobishana juu ya nani aitwe mwenyewe. Mwaka 2020 Algeria, Mauritania, Morocco na Tunisia waliiandikisha kwa pamoja katika orodha ile ile ya UNESCO. Serikali hizo hazikuwa zikipatana katika mambo yote. Lakini katika jambo hili walikiri ukweli mmoja mkubwa, kwamba kitu chaweza kuwa chako chote bila ya kuwa chako peke yako.

Tena kuiga sawasawa mara nyingi hakuwezekani hata kwa anayetaka. Elizabeth David, mwandishi wa Kiingereza, aliishi Ufaransa, Ugiriki na Misri, akarudi kwao mwaka 1946 akaikuta nchi imechoka na vita. Chakula kiligawiwa kwa vipimo, na mpango huo haukwisha mpaka mwaka 1954. Mafuta ya zeituni yalikuwa kitu cha kununua katika duka la dawa. Katika hali hiyo alitoa mwaka 1950 kitabu cha vyakula vya nchi zilizozunguka bahari ya Mediterania, na wasomaji wake wengi hawakuweza kupata nusu ya vitu alivyovitaja. Angeweza kuandika mafuta ya nguruwe mahali pa zeituni, akawadanganya kwamba ndivyo walavyo huko. Hakufanya hivyo. Aliandika zeituni mahali pa zeituni, akamwachia msomaji ajue nini alichokikosa. Hapo ndipo tunapoona kwamba uaminifu wa mpishi haukai katika sufuria tu. Sufuria hutegemea soko, na soko halina ahadi. Uaminifu hukaa katika maneno yasemwayo juu ya sufuria.

Basi, ikiwa deni lipo, na ikiwa halilipwi kwa kujizuia wala kwa kuiga, hulipwa kwa nini? Kwa maoni yangu hulipwa kwa mambo matatu: kwa jina, kwa ukweli, na kwa utu. Mawili ya kwanza ni mepesi. La tatu ni zito, na ndilo linifanyalo niandike.

Jina ni kumbukumbu fupi kuliko zote. Watu wa Afrika waliochukuliwa utumwani hadi Louisiana hawakusafiri kwa hiari, na hawakuruhusiwa mzigo. Walinyang'anywa majina yao wenyewe wakapewa mengine. Lakini mchuzi mzito ambao umekuwa fahari ya New Orleans huitwa gumbo, na neno hilo lina nasaba na neno la Kibantu la upande wa Angola lenye maana ya bamia. Majina ya wapishi yalifutwa. Jina la mboga likapona chunguni. Kwa hiyo mtu achukuaye chakula cha watu akakibatiza jina jipya ili kionekane chake, huenda anafuta mstari wa mwisho wa historia ya mtu fulani. Walakini jina nalo laweza kukosea njia. Sisi tuliita nafaka moja mahindi, kana kwamba kwao ni India. Waitalia wakaiita nafaka hiyo hiyo ya Kituruki. Watu wa Meksiko, ambao wazee wao waliilea kutoka katika nyasi za mwituni kwa maelfu ya miaka, hawamo katika jina hili wala lile. Deni limelipwa mara mbili, na mara zote mbili limelipwa kwa mtu asiye mdai. Ndiyo maana jina peke yake halitoshi.

La pili ni ukweli. Abadiliye chakula na aseme amebadili. Hapana aibu katika kubadili. Aibu ni kuficha. Mwaka 2001 Robin Cook, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza, alitoa hotuba akasema kwamba kuku wa tikka masala amekuwa chakula halisi cha taifa la Uingereza. Alieleza kwamba tikka ni ya Kihindi, na kwamba mchuzi uliongezwa kwa ajili ya Waingereza waliotaka nyama yenye rojo. Maneno hayo yaliwakera wengine, lakini kwa kipimo chetu yalikuwa maneno ya uungwana. Yalisema kilichopokelewa, yakasema kilichoongezwa, na yakakiri kwamba chakula cha mgeni kimekuwa cha mwenyeji bila ya kumkana mgeni.

Twafika sasa kwenye jambo la tatu. Mikahawa mingi iliyowazoeza Waingereza vyakula hivyo iliitwa ya Kihindi, ilhali wenyewe walikuwa Wabengali wa Sylhet, nchi ambayo leo ni sehemu ya Bangladesh. Wengi wao walikaa mashariki ya London, katika mitaa ya Whitechapel na Brick Lane. Tarehe 4 Mei 1978, Altab Ali, kijana wa Kibengali aliyefanya kazi ya kushona nguo, aliuawa huko Whitechapel akitoka kazini, na waliomwua walikuwa vijana wenye chuki ya rangi. Maelfu ya watu waliandamana nyuma ya jeneza lake. Mwaka 1998 bustani iliyo karibu na mahali alipouawa ilipewa jina lake. Katika miaka ile ile ambayo Wabengali waliogopa kutembea usiku mitaani, mchuzi wao ulikuwa ukitembea salama mji mzima. Ulimi ulifungua mlango ambao moyo uliufunga.

Msomaji asifurahie habari hiyo kwa kuwa ni ya Waingereza. Kioo hicho kinatutazama na sisi. Mwezi Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kwamba Waasia wa Uganda waondoke, akawapa siku 90. Makumi ya maelfu walifungasha walichoweza wakaenda. Maduka, nyumba na makaburi ya wazee wao yakabaki. Kilichobaki pia ni chapati. Hapana aliyetangaza kwamba chapati ipewe siku 90. Imebaki Kampala, imebaki Jinja, na katika miaka ya baadaye vijana wa Uganda wakaikunja pamoja na mayai na mboga wakaiita rolex, ikawa chakula cha mwanafunzi na cha mwendesha pikipiki. Ni uvumbuzi mzuri, na ni wao. Wanaoila leo wengi wao hawakuwa wamezaliwa mwaka 1972, na hapana haki ya kuwatwika hatia ya mtu mwingine. Lakini hatia na kumbukumbu si kitu kimoja. Mtu aweza kuwa hana hatia akawa na wajibu wa kukumbuka. Sambusa ni yetu, biriani ni yetu, bajia ni yetu. Ikiwa tunasema hivyo huku tukimwita jirani wa asili ya Kihindi mgeni baada ya vizazi vinne, basi tumekula chakula tukamtema mpishi.

Hapo ndipo ulipo uzito wa deni hili. Kupenda chakula cha watu ni njia rahisi ya kujidhania kwamba tunawapenda watu wenyewe. Mtu aliyekula katika nchi kumi hujihesabu kuwa mtu wa dunia nzima, na jiko lake humshuhudia. Lakini tumbo halina maadili. Hupokea kutoka kwa anayeheshimiwa na anayedharauliwa bila ya kutofautisha, na shibe yake haimfundishi mtu jambo lolote asilotaka kujifunza.

Niliwahi kukaribishwa chakula katika nyumba moja mjini Addis Ababa. Tulipewa injera, mkate mwembamba na mpana wa nafaka iitwayo tefu, ambayo unga wake hukorogwa na kuachwa siku kadhaa uchachuke kabla ya kumiminwa juu ya kaango pana. Mkate ulitandazwa juu ya sinia moja, michuzi ikapangwa juu yake, nasi tukala pamoja kwa mkono wa kulia. Katikati ya chakula mama mwenye nyumba alikata kipande, akakikunja na mchuzi, akanitia kinywani kwa mkono wake mwenyewe. Tendo hilo huitwa gursha, na ni alama ya heshima na mapenzi. Mgeni hakatai. Mimi, mtu mzima mwenye mvi za kwanza, nikafumbua kinywa kama mtoto.

Nyumbani nimejaribu kupika chakula kile mara nyingi. Tefu ni adimu sokoni kwetu, kwa hiyo hutumia unga wa mtama na kidogo wa ngano. Wanangu huiita chapati ya maji iliyochacha, na hawako mbali na ukweli. Huwaambia kila mara kwamba hii si injera yenyewe, kwamba yenyewe ni ya Waethiopia, na kwamba mama mmoja alinilisha kwa mkono wake. Kisha hukata kipande nikamlisha aliye karibu nami. Hapo ndipo nilipotambua jambo moja. Unga haukuweza kusafiri, na ladha ilisafiri nusu. Gursha ilisafiri nzima, kwa kuwa haihitaji tefu. Hata hivyo ndiyo sehemu ambayo wasafiri wengi huiacha nyuma. Hubeba viungo vizito katika mifuko yao, wakasahau adabu ambayo haina uzito. Na kwa mtu wa pwani adabu hiyo si ngeni kabisa, maana wazee wetu walikula sinia moja na kumsogezea mgeni kipande cha nyama kilicho bora.

Huenda mtu akasema kwamba haya yote ni mzigo mkubwa kwa mama au baba aliyechoka, ambaye jioni anataka kuwapikia watoto chakula alichokipenda safarini. Je, atoe hotuba kabla ya kupakua? La, hasha. Sentensi moja yatosha: hiki ni cha watu fulani, nimekibadili hivi, na walinikirimu hivi. Aliye na mkahawa au kitabu cha mapishi anawiwa zaidi, kwa sababu yeye hupata fedha pale ambapo mwalimu wake alipata asante tu. Lakini mpishi wa nyumbani hadaiwi fedha. Hudaiwa ushahidi, ule ule alioutoa Ibn Battuta juu ya sinia ya Mogadishu. Na baada ya ushahidi hudaiwa kwamba siku watu wale watakapobisha mlangoni kwake, wasikute mlango uliofungwa na harufu ya chakula chao ikitoka dirishani.

Wahenga walisema, mla cha mwenziwe na chake huliwa. Kwa kawaida methali hiyo huchukuliwa kuwa onyo kwa mlafi. Naona yafaa pia kuwa ahadi kwa mwungwana. Aliyekula kwa watu na awe tayari kuliwa chake. Aliyefundishwa na afundishe. Aliyepokelewa na apokee. Chakula chaweza kuvuka bahari bila ya hati, kikakaa katika nchi ya watu kikapata uraia kwa mwezi mmoja. Mwanadamu aliyekipika husubiri miaka, na pengine hufa akisubiri. Mpaka siku mwanadamu atakapopata mapokezi yaliyopata chakula chake, mpishi aliyesafiri hatakuwa amemaliza kulipa.